Kanuni Mpya Huanzia Mapokezi

Juni 2025 Tanzania ilitolewa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima namna nchi zinavyopambana na utakatishaji wa fedha. Tulikuwa tumeingizwa humo Oktoba 2022, sambamba na Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku chache baada ya habari hiyo nilikuwa nje ya chumba cha mahakama nikisubiri shauri letu liitwe. Wakili mwenzangu, kijana hodari ninayemheshimu, akaniambia kwa furaha: "Dada, sasa zile fomu za kuwauliza wateja fedha wamezitoa wapi tunaweza kuzirudisha kabatini." Alisema kwa nia njema kabisa. Kwake kanuni zile zilikuwa mzigo uliotoka nje, na wenye mzigo wao sasa wameridhika.

Sikukubaliana naye, na sababu zangu sikuzipata darasani. Kabla sijawa wakili nilikuwa karani wa masjala. Nimeziona kanuni za maadili zikija na kubadilika nikiwa upande wa meza ambao mawakili hawaukalii, na kila zilipobadilika nilijifunza jambo lilelile kwa sura nyingine. Wakili anaweza kulisoma tangazo la serikali mpaka akalikariri, na ofisi yake ikabaki kama ilivyokuwa. Wanaoiandaa ofisi ni wale wanaopokea wateja, wanaoandika stakabadhi, wanaobeba mafaili na wanaokaa karibu na muhuri.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, si mbali na Mahakama ya Kisutu. Masjala ilikuwa chini ya mama mmoja aliyekuwepo tangu ofisi ifunguliwe. Alikuwa na sanduku la mbao lenye kadi ngumu. Kila kadi ilibeba jina la mteja, jina la mpinzani wake na namba ya faili. Nyuma ya kadi, kwa penseli, mama yule aliandika majina ya ndugu wa mteja na watu anaoshirikiana nao biashara. Hakuna aliyemwagiza aandike hayo ya nyuma.

Siku moja alikuja mjane kijana, anataka kufungua mirathi ya mumewe. Wakili alikwisha kumkaribisha kiti. Mama wa masjala akaingia na trei ya chai, akaweka kikombe mbele ya mgeni, akaweka kadi mbele ya wakili, akatoka. Kadi ile ilikuwa ya shemeji yake yule mjane. Ofisi yetu ilikuwa imemwandikia mikataba ya biashara aliyokuwa akiiendesha pamoja na marehemu. Wakili akaisoma, akaweka kalamu chini, akamwambia mjane kwa upole kwamba ofisi ile isingeweza kumsimamia, na akamtajia ofisi nyingine mbili. Yule dada aliondoka kabla hajafungua kinywa kueleza mambo ya ndani ya nyumba yake.

Hapo penye "kabla" ndipo penye uzito wote. Kanuni za maadili zinamkataza wakili kusimamia watu wenye maslahi yanayogongana, na kila wakili analijua hilo. Lakini mteja akishamweleza wakili siri zake, kujitoa baadaye hakumrudishii siri hizo. Ukaguzi wa mgongano wa maslahi una maana ukifanyika mlangoni. Mama yule alipostaafu, sanduku lilipelekwa stoo na ikaletwa kompyuta yenye majina ya wateja peke yake, bila ndugu wala washirika. Haukupita muda ofisi ikajikuta inamshtaki mtu ambaye wakili mwingine, chumba cha pili, alikuwa akimtetea kwenye shauri jingine. Ikalazimika kujitoa pande zote mbili. Tangu hapo, kila ninaposikia kanuni fulani inabadilishwa, swali langu la kwanza ni hili: hapa ofisini ni nani anayeifanya kazi hii tayari, bila kuagizwa, na akiondoka itabaki na nani?

Ofisi ya pili ilinifundisha habari ya muhuri.

Wakili wa Tanzania aghalabu ni kamishna wa viapo na mthibitishaji pia. Kila asubuhi watu walijipanga ngazini na hati za kiapo: aliyepoteza kitambulisho, anayebadilisha jina, anayeomba kuongezewa muda wa kukata rufaa. Wengi hawakuwa wenye viapo. Walikuwa wametumwa. Wakili yuko mahakamani, muhuri uko kwenye droo, na karani ana ufunguo wa droo. Neno lililotawala pale lilikuwa "nigongee". Nigongee mara moja tu, nawahi. Na muhuri uligongwa, sahihi ikamsubiri wakili jioni, rundo zima kwa mkupuo.

Sheria ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka kamishna aandike mahali na tarehe ambapo kiapo kimeapwa mbele yake. Mahakama zetu zimekuwa kali katika jambo hili kwa miaka mingi, na maombi mengi yametupwa kwa sababu ya kasoro ya mistari ile michache iliyo chini ya hati. Kwetu lilitokea hili: upande wa pili ulionyesha kwamba siku ambayo mteja "aliapa" Dar es Salaam, alikuwa amelazwa hospitali Dodoma. Ombi likatupwa, na amri ya kusimamisha mnada wa nyumba ikaenda nalo. Nilikuwepo mteja alipokuja ofisini. Hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa mimi kosa langu ni lipi?" Hakuna aliyekuwa na jibu, maana kosa halikuwa lake. Alikuwa ameambiwa asihangaike kusafiri, ofisi itashughulikia.

Baada ya hapo ofisi ilinunua daftari kubwa. Jina, namba ya kitambulisho, saa, sahihi au dole gumba, na picha ya aliyefika. Muhuri ukahamia kwenye mkoba wa wakili mwenyewe. Asiyefika hakugongewa, awe amemtuma nani. Niseme wazi jambo ambalo semina za maadili huliruka: foleni ya ngazini ilipungua, na mapato ya kila siku yakapungua nayo. Watu walikwenda mlango wa jirani walikogongewa bila maswali, na wengine wakaangukia mikononi mwa vishoka wenye mihuri ya kuchonga. Leo mwananchi anaweza kuingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama akaangalia kama anayejiita wakili ni wakili kweli, na huo ni msaada mkubwa. Lakini mfumo hauwezi kujua kama aliyeapa alifika. Hilo linajulikana kwa aliyekaa mapokezi. Ofisi inayotaka kujiandaa kwa kanuni kali zaidi lazima ikae na mhasibu wake ikubaliane mapema ni kipato gani itakiacha kiende. Isipofanya hivyo, karani ataambiwa maadili asubuhi, na mchana ataulizwa kwa nini makusanyo ni madogo.

Nilisoma shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria nikiwa bado kazini, nikapitia Shule ya Sheria, nikaapishwa. Mwaka 2018 zilitoka kanuni mpya za maadili na miiko ya mawakili, Tangazo la Serikali Na. 118. Ziligusa karibu kila kitu: siri ya mteja, mgongano wa maslahi, ada, mali ya mteja, kujitangaza, mwenendo mbele ya mahakama. Katika ofisi nyingi nilizozifahamu zilichapwa, zikatobolewa tundu mbili, zikaingia kwenye faili. Mawakili walizipitia. Wengine wote hawakuambiwa kitu.

Mbia mmoja, mwanamke mtu mzima niliyekuwa nafanya naye kazi, alifanya tofauti. Jumamosi moja aliita ofisi nzima: mawakili, mhasibu, makarani, dereva, dada wa usafi, na mlinzi wa mchana. Kanuni ziko kwa Kiingereza, yeye alizieleza kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja aliuliza, "Hii inamgusa nani hapa, na inamgusa vipi?" Kwa muda mrefu waliojibu ni mawakili. Kisha tukafika kwenye siri ya mteja, na dereva akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Nikipeleka bahasha kwa mteja nyumbani, nikamkosa, mkewe akasema niachie mimi, niache?"

Pakawa kimya. Yule mteja aliyemfikiria dereva, wote tulimjua, alikuwa na shauri la talaka. Bahasha zake alikuwa akizipokea mke. Ndani ya zile bahasha mlikuwa na orodha ya mali alizotaka zilindwe. Hakuna wakili kati yetu aliyewahi kufikiria safari ya ile bahasha kuanzia ofisini mpaka mlangoni. Tulidhani siri ya mteja inalindwa kwa kufunga mdomo. Siku hiyohiyo tukaweka utaratibu: bahasha inakabidhiwa kwa mwenyewe, anasaini kwenye kijitabu cha dereva, asipopatikana inarudi. Dada wa usafi naye akauliza karatasi za kutupa azipeleke wapi, kwa sababu muuza maandazi wa nje alikuwa akimwomba za kufungia. Mashine ya kukatia karatasi ikanunuliwa wiki iliyofuata.

Mafunzo mengi niliyohudhuria baadaye, mengine hotelini na kwa gharama kubwa, hayakunipa hata nusu ya nilichopata Jumamosi ile. Chama chetu, Tanganyika Law Society, kilichoanzishwa mwaka 1954, kinatutaka tujiendeleze kitaaluma kila mwaka, na ni sawa. Lakini anayepata alama za mafunzo ni wakili, na anayekutana na jaribu mara nyingi ni mwingine.

Katika kikao kilekile ndipo tulipokubaliana barua ya makubaliano ya kazi na ada iandikwe kwa Kiswahili kwa mteja anayeongea Kiswahili. Wakati ule baadhi ya wenzetu waliona ni kujishusha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikatambuliwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na sisi hatukuwa na cha kubadilisha. Malalamiko ya ada yalipungua sana, kwa sababu mteja alijua tangu mwanzo kwamba gharama za mthamini na ada za usajili hazimo katika ada ya wakili.

Sasa nirudi kwenye zile fomu.

Sheria yetu ya kuzuia utakatishaji wa fedha ni ya mwaka 2006. Kundi la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika linalosimamia mapambano haya lilizaliwa Arusha mwaka 1999, na sekretarieti yake iko hapahapa Dar es Salaam. Kwa hiyo anayesema jambo hili lililetwa na orodha ya kijivu anakosea kwa miaka mingi. Orodha ile ilichofanya ni kufichua kwamba tulikuwa na sheria bila mazoea. Moja ya mambo ambayo nchi ilitakiwa kuyarekebisha ni usimamizi wa taasisi za fedha na wa wale wasio benki ambao fedha hupitia mikononi mwao. Mawakili wamo miongoni mwa hao wasio benki.

Wenzangu wengi walikasirika. Walisema wakili anageuzwa mpelelezi dhidi ya mteja wake. Hofu ile naielewa, na ni hofu ya kuheshimiwa, kwa sababu mtu asipoweza kumwamini wakili wake hana pa kwenda. Lakini ukisoma mapendekezo ya FATF yenyewe, mstari umechorwa mahali panapoeleweka. Wajibu huu unamgusa wakili anapomsaidia mteja kununua au kuuza nyumba na ardhi, anapotunza fedha zake, anapoendesha akaunti zake, anapoanzisha au kuendesha kampuni kwa niaba yake. Anayekuja kutetewa mahakamani, na yale anayomweleza wakili kwa ajili hiyo, yanabaki chini ya kinga ya siri ya mteja. Ni kazi mbili, na ofisi inatakiwa ijue faili lipi liko upande upi tangu siku linapofunguliwa. Kwetu tuliweka majalada ya rangi mbili, na karani wa masjala ndiye anayechagua rangi. Akisita, anauliza.

Ugumu mkubwa ulikuwa mdomoni. Utamuulizaje mtu mzima, kwa Kiswahili cha heshima, fedha zake zimetoka wapi? Binti wetu wa mapokezi alinifuata na kusema, "Wakili, mimi siwezi. Baba wa umri ule nikimuuliza hivyo ni kama namwita mwizi." Alikuwa sahihi. Tukakaa naye tukatafuta maneno, tukayajaribu, tukayabadilisha, akayaandika kwa mkono wake na kuyaweka chini ya kioo cha meza. Wa kwanza kuulizwa kwa maneno hayo alikuwa mzee kutoka Mtwara aliyetaka kununua nyumba Kigamboni. Alikuja na mjukuu wake na fedha taslimu ndani ya mkoba wa ngozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, karibu sana. Ofisi yetu kwa kila mnunuzi, mkubwa kwa mdogo, huwa tunaandika fedha zimetokana na shughuli gani, na tunaweka nakala ya ushahidi. Inakusaidia siku yoyote mtu akizuka kuidai nyumba, uonyeshe ulinunua kwa jasho lako."

Mzee akamtazama mjukuu wake, akacheka. "Korosho," akasema. Kesho yake akarudi na stakabadhi za chama chake cha msingi za misimu kadhaa, na karatasi za benki zinazoonyesha malipo yalivyoingia na alivyoyatoa. Zote zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya plastiki. Alizitunza miaka yote na hakuna ofisi iliyowahi kutaka kuziona. Fedha zenyewe tukamwomba azirudishe benki, zilipwe kupitia akaunti ya wateja, kando kabisa na akaunti ya ofisi. Alikubali bila shida.

Wiki zilizofuata alikuja kijana mtanashati kwa niaba ya kampuni. Alitaka kununua viwanja kadhaa kwa haraka. Alipoombwa jina la mmiliki manufaa wa kampuni, yaani binadamu halisi anayenufaika nayo, taarifa ambayo kampuni zinatakiwa kuipeleka BRELA, alisema atatuma kwa simu. Hakutuma. Hakurudi. Fomu ilikuwa imefanya kazi yake kabla ya wakili yeyote kutoka chumbani kwake. Na binti wa mapokezi alikuwa amefundishwa jambo jingine gumu zaidi: kutosimulia. Ofisi ikitoa taarifa ya muamala wa kutia shaka, sheria inakataza kumdokeza mhusika. Neno moja kwenye ngazi au kwenye daladala linatosha kuharibu kila kitu.

Kuhusu taarifa binafsi nitasema machache, kwa sababu hapo ndipo ofisi nyingi ziko nyuma leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kila wakili amesikia. Lakini makarani wetu bado wanapiga picha vitambulisho vya NIDA vya wateja kwa simu zao binafsi na kuzituma WhatsApp, na tukiishiwa wino tunapeleka hati stationari ya jirani, ambako nakala inabaki kwenye kompyuta ya duka. Mlango huo umebaki wazi, na lawama hazitawaangukia makarani.

Najua atakayesema haya yote ni ya ofisi kubwa za Dar es Salaam. Mawakili wengi wa nchi hii wanafanya kazi peke yao, na karani mmoja, Songea, Singida, Bariadi. Nimekaa nao. Ukweli ni kwamba ofisi ndogo ina nafasi nzuri zaidi: watu wawili wanaweza kubadilisha mazoea yao kwa mchana mmoja, wakati ofisi ya mawakili ishirini itabishana mwaka mzima. Wanachokosa ni vifaa. Daftari la viapo, fomu ya mgongano wa maslahi, barua ya ada kwa Kiswahili, maneno ya kumuuliza mteja chanzo cha fedha: vyote hivi ofisi zilizokwisha kuvitengeneza zinaweza kuwapa bure kupitia matawi ya chama mikoani, wiki hii, bila kusubiri semina. Sisi vyetu tumevitoa kwa kila aliyeomba, na tutaendelea.

Nilimwambia yule kijana nje ya chumba cha mahakama kwamba FATF na washirika wake hawapimi nchi mara moja wakaondoka moja kwa moja. Watarudi. Na hata wasingerudi, mzee wa Mtwara angestahili kuulizwa vilevile, na mteja aliyelazwa Dodoma angestahili muhuri usiogongwa bila yeye.

Leseni zetu sote zinaisha tarehe 31 Desemba. Mwenzangu, kabla hujalipia ya mwaka ujao, tenga saa moja umwite karani wako, binti wa mapokezi na dereva. Waulize wanafanya nini mtu akija na fedha kwenye mkoba, akija na kiapo cha mwenzake, akiomba kuachiwa bahasha isiyo yake. Andika majibu yao kama walivyoyasema. Uanzie kurekebisha hapo.